Maharagwe ya Msomi

Keti hapo karibu na jiko, mwanangu, na usinitazame hivyo. Kula kwanza. Huu muthokoi umekuwa motoni tangu asubuhi, mahindi yamekobolewa yakatakata, maharagwe yameiva, na sikuupika ili uutazame. Mimi nitaongea, wewe utatafuna.

Siku tatu sijakuona ukichota maji bombani. Leo nimebisha mlango wa chumba namba nne nikauliza, "Kyalo, habari yako?" Ukanijibu ukiwa huko ndani, "Niko poa tu, susu," maana nyote hapa mnaniita nyanya yenu. Poa! Kwa sauti ya mtu aliyekaliwa na ng'ombe! Mimi nimefundisha hisabati miaka thelathini na zaidi, na tangu nistaafu nimewapangisha wanafunzi wa chuo vyumba hivi, kwa hivyo hiyo poa naijua hata ikitoka nyuma ya mlango wa chuma. Naijua pia kwa sababu niliwahi kuitumia mwenyewe. Iko siku moja ya mvua ambayo kila nikiikumbuka nacheka, halafu naona haya, halafu nacheka tena. Hiyo ndiyo nataka kukusimulia, na ukimaliza sahani kabla sijamaliza, nitakuongezea.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, Nairobi. Kwetu huko juu milima ya Iveti, mimi ndimi msichana wa kwanza wa kijiji kuingia chuo kikuu, na kijiji kizima kiliona kimeingia pamoja nami. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kanisani hakukosa nafasi ya kusema, "Binti yangu, yule anayesomea hesabu..." Hata siku aliyosimama kutangaza kwamba mbuzi wetu amepotea, alipata mahali pa kunichomeka. Watu waliacha kuniita jina langu. Nikawa Msomi. Msomi amekuja, Msomi amekula, Msomi ana mafua.

Sasa chukua mtu wa namna hiyo, aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, umpeleke mahali ambapo kila aliyekaa mle ndani alikuwa wa kwanza kwao. Mwalimu alikuwa anajaza ubao, anafuta, anajaza tena. Wenzangu wanatikisa kichwa kuonyesha wameelewa, na mimi natikisa changu. Nilitikisa kichwa muhula mzima. Mtihani ulipofika nikaanguka somo moja, na sikuanguka kwa kujikwaa, mwanangu, nilianguka chali. Nikaambiwa niurudie mtihani huo wiki ya kwanza baada ya likizo. Sisi tuliuita sapu, na nasikia nyinyi bado mnauita hivyo hivyo. Kama nisingeufanya, au kama ningeanguka tena, nilikuwa nafungasha sanduku na kurudi nyumbani kabisa.

Sikumwambia mtu hata mmoja. Niliona wenzangu wakicheka kwenye foleni ya chakula nikasema moyoni, hawa hawana shida, ni mimi peke yangu niliyechaguliwa kwa makosa. Chakula kikanikataa. Nikifungua kitabu, machozi yananitangulia kufika ukurasa wa pili. Nilikuwa naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala, na nikiulizwa habari, nasema nzuri sana, asante. Nilikuwa tayari kufa na tai shingoni, na hata tai sikuwa nayo.

Likizo ilipoanza nilikuwa nimeshakata shauri. Ningekaa nyumbani nikitabasamu mpaka siku ya kurudi chuoni, nipande basi kama kawaida, nishuke Athi River kwa binamu yangu, nitafute kazi ya kufua na kupika nyumba za watu, na jambo hili la chuo nisilitaje tena. Mtihani wa marudio ningeukimbia. Utauliza, na nyumbani wakija kujua? Sikufikiria mpaka hapo. Mtu mwenye huzuni hafikirii mbali, wewe unajua.

Lakini kutabasamu kulikuwa kumenitoka mwilini. Kwa hiyo siku ya kwenda nyumbani nilishuka Kyumbi, pale njia panda, badala ya kwenda na gari mpaka Machakos, ili nipate mahali pa kufanyia mazoezi. Usicheke, umejaza mdomo. Palikuwa na lori limeegeshwa kando ya barabara, nikasimama mbele ya kioo chake cha pembeni nikaanza. Nikaonyesha meno. Nikayaficha. Nikainua mashavu. Nikasema kwa sauti, "Chuoni ni kuzuri sana, Baba!" Kumbe lori lina mwenyewe. Mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa ameketi upande wa pili wa kivuli cha lori lake akinywa chai, na alikuwa ameyaona yote.

"Binti," akaniambia, "hiyo tabasamu umeiazima kwa nani? Mrudishie, haikutoshi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee yule hakuniuliza lolote zaidi, akanipa tende kiganja kizima na kunitakia safari njema. Nilizila njiani zote, na nakumbuka nilishangaa kwamba nilikuwa na njaa kiasi kile.

Nyumbani nilipokelewa kwa kuku. Mama alinitazama mara mbili akasema nimekonda, nikamwambia ni kusoma sana. Baba akafurahi kusikia hivyo, na Jumapili akalitangaza kanisani.

Likizo yenyewe niliipitisha nikijificha kwenye kazi. Na kazi haikukosekana, kwa sababu huo ulikuwa msimu wa mwethya. Wewe ni wa Kithyoko, mwethya unaujua, ingawa vijana wa siku hizi mnaujua kwa kuhadithiwa. Kikundi cha akina mama wa kijiji, leo wanakwenda shamba la huyu, kesho kutwa shamba la yule, kwa jembe na koleo na nyimbo, mpaka kila shamba limechimbwa mtaro wa kuzuia udongo usiondoke na mvua. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu unakuwa tuta. Milima yetu ingekuwa mawe matupu leo kama si wale akina mama.

Sasa, mtaro lazima ufuate usawa wa ardhi. Ukiinama mahali, maji yote yanakimbilia hapo, yanarundikana, yanabomoa tuta. Zamani walipima kwa macho. Mwaka ule afisa wa kilimo alikuwa amewaletea pima maji. Ni kachupa kadogo kenye maji na povu moja la hewa, kananing'inizwa katikati ya kamba. Kamba yenyewe imefungwa kwenye fimbo mbili za urefu mmoja, watu wawili wanazishika, mmoja huku na mwingine kule. Wa tatu anasimama katikati kutazama povu. Povu likiegemea upande mmoja, anamwambia aliye mbele apande kidogo au ashuke kidogo, mpaka povu litulie katikati. Hapo kinapigiliwa kigingi, mnasonga mbele.

Na nani atatazama povu? Kiongozi wa mwethya alikuwa mama mzee aliyeitwa Susu Kalekye, mfupi, mweusi tititi, sauti yake ilisikika mabonde mawili. Aliponiona tu akasema, "Ai! Msomi wa hesabu yuko hapa, na sisi tunahangaika na kachupa? Shika kazi!"

Mashamba mawili ya kwanza nilipima vizuri. La tatu lilikuwa la Mama Ndunge, jirani yetu, mjane, siku ya Jumatano. Jumanne iliyofuata ndiyo siku ya basi, ya kwenda Athi River kujipoteza. Susu Kalekye alishika fimbo ya mbele, Mama Ndunge ya nyuma, nami katikati. Tulikwenda vizuri mpaka zikabaki hatua chache tumalize. Ndipo Mama Ndunge akasema, bila ubaya wowote, "Huyu wangu mdogo akikua, nataka awe kama wewe."

Maneno hayo tu. Macho yakanijaa. Nikatazama kachupa, sioni povu, sioni maji, naona ukungu. Nikapangusa jasho ambalo halikuwa jasho, nikatazama tena, hakuna kitu. Akina mama zaidi ya ishirini wanangoja na majembe, wanamtazama Msomi. Mwanangu, ilikuwa rahisi sana kusema, "Ngojeni kidogo, sioni." Sikusema. Nikakisia. "Shuka kidogo! Hapo hapo! Pigilia!" Kigingi cha kwanza nikakisia, cha pili nikakisia, cha tatu nikakisia na kumaliza.

Susu Kalekye akageuka, akaufuata mstari kwa jicho lake la zamani. "Msomi, una hakika? Naona kama unainama huku mwisho."

Unajua nilifanya nini? Nilimjibu kwa Kiingereza! Mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja, nikamrushia Kiingereza cha chuo kikuu ili anyamaze. Akanyamaza. Akanitazama usoni, kisha akainua jembe. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Mtaro ukachimbwa, nyimbo zikaimbwa, jioni tuta limesimama. Kesho yake Mama Ndunge akapanda maharagwe yake kwenye udongo mkavu kungoja mvua, mbegu nzuri alizokwenda kununua mpaka soko la Kithimani. Jumamosi alasiri mvua ikaja, na haikuja kwa adabu.

Jumapili asubuhi tunakwenda kanisani na viatu vya kanisani. Tukafika kwenye njia inayopita chini ya shamba la Mama Ndunge, na njia haikuwapo. Matope matupu. Tuta lilikuwa limepasuka mwisho wake, pale pale penye vigingi vyangu vitatu, na mlango wa nyumba ungepita kwenye ule mwanya. Maji yalikuwa yamekokota udongo na maharagwe na kuyasambaza njia nzima mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Mama Ndunge alisimama amejishika kichwa. "Maharagwe yangu," alikuwa anasema, "maharagwe yangu jamani." Hakumlaumu mtu. Ibada ile sikusikia neno hata moja. Kila mara mhubiri aliposema dhambi, nilijua ananisema mimi.

Susu Kalekye akaita mwethya Jumatatu. Walikuja wote, na kila mama alikuja na mbegu kiganja kimoja, zimefungwa kwenye pindo la leso yake, akazimimina kwenye ungo wa Mama Ndunge kabla ya kuchukua jembe. Hakuna aliyeambiwa alete. Kisha wakasimama kwenye lile pengo wakaanza kushauriana, na huko ndiko nilikopata mtihani wangu wa kweli.

Maana hakuna hata mmoja aliyenishuku. Mmoja akasema mvua ilizidi. Mwingine akasema hapana, ni haka kachupa, kameharibika. Wa tatu akadakia kwamba tangu mwanzo yeye hakukaamini, vitu vya serikali vinaharibika haraka. Mwisho wakakubaliana kabisa, pima maji irudishwe kwa afisa wa kilimo, warudi kupima kwa macho. Umeona? Nilikuwa nimefunguliwa mlango wa kuponyoka. Nilichohitaji ni kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimekufanyia mazoezi muhula mzima. Kesho yake basi, Athi River, kwaheri.

Lakini nikatazama ule ungo wa maharagwe ya rangi rangi, kiganja hiki, kiganja kile. Wangeitupa pima maji nzima kwa sababu yangu, na mwakani mashamba mangapi yangebomoka? Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kachupa ni kazima. Vigingi vitatu vya mwisho sikupima. Nilikisia."

Vichwa vyote vikanigeukia, mwanangu. Mama Ndunge akasema, "Ulikisia? Kwangu?" Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. "Kwa nini?"

"Sikuwa naona vizuri," nikasema. "Na niliona haya kusema."

Basi mama mmoja huko nyuma, mnene, mcheshi, akaangua kicheko. "Msomi, hiyo ni kitu kidogo! Mimi nilikisia choo changu, sasa mlango unafungukia kwa barabara!" Wakacheka wote. Mwingine akasema siku ya harusi yake mwenyewe alipika muthokoi wa wageni mia bila chumvi, akanyamaza akitumaini hawatajua. Wa tatu naye ana lake. Nusu saa ilipita watu wanamwaga makosa yao kwenye lile pengo kabla jembe halijaanguka, na hata Mama Ndunge mwishowe alishindwa kuzuia kicheko. Lakini jembe la kwanza alinipa mimi, na akaniambia kesho nikienda chuo niende na malengelenge. Ilikuwa haki yake.

Tulipopumzika kunywa uji, Susu Kalekye alipindua karai akakalia, akapiga chini kando yake ili niketi. Nilijua yanakuja.

"Umenikasirisha," akasema. "Si kwa kukisia. Macho yenye machozi hayaoni, hata yangu. Niliyaona machozi yako siku ile, usifikiri sikuyaona. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo, hatua tano kutoka kwako. Hatua tano! Ungesema, 'Susu, sioni,' ningeacha fimbo nikaja tukatazama pamoja. Badala yake ukaniletea Kiingereza."

Nikaanza kulia, na wakati huu sikusema ni jasho. Nikamwambia yote. Mtihani, chakula kinachonikataa, kutikisa kichwa darasani, Athi River, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasonya kidogo, kisha akauliza, "Hiyo sapu ni nini hasa?"

Nikamweleza kwamba ni kuurudia mtihani nilioanguka.

"Kwa hivyo hawajakufukuza?"

"Bado."

"Wanakuita urudi pale palipobomoka upajenge?"

"Ndiyo, susu."

Akaonyesha kwa kikombe wale akina mama wenye matope mpaka magotini, wanapiga porojo. "Na sisi hapa tunafanya nini?"

"Tunarudia."

"Uko na mtu umeona analia?"

Sikuona. Niliona mama mnene akimwigiza mhubiri. Nikacheka, mwanangu, kicheko changu mwenyewe. Sikuhitaji kioo cha lori.

Kisha Susu akasimama kwa taabu, akaniambia neno moja zaidi. "Huko kwenu chuoni pia kuna watu wameshika fimbo. Ukifika, watafute kabla ya kufungua kitabu. Na leo jioni umwambie baba yako mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Nilimwambia. Baba alikuna kidevu mpaka nikafikiri amekasirika. Mwisho akasema, "Mimi ndiye niliyekupandisha juu sana. Kanisani nitapunguza." Hakupunguza, lakini ni mtu mzima, tulimsamehe.

Jumanne basi lilisimama Athi River. Watu wakashuka, mimi nikabaki kitini nimekumbatia begi langu mpaka likaondoka. Nilipofika chuoni, kabla sijafungua sanduku nilimwambia mwenzangu wa chumba, msichana wa Bungoma aliyeitwa Nafula, "Mimi nina sapu." Nafula, ambaye nilimwona muhula mzima akicheka kwenye foleni ya chakula, akaketi kitandani akasema, "Mimi nina mbili." Tukatazamana, tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Miezi yote ile, mwanangu, tulikuwa tunalia chumba kimoja kwa zamu, kila mmoja akingoja mwenzake atoke!

Tukasoma pamoja. Tukashikana mikono tukaenda kwa mwalimu wa somo, yule niliyemwogopa, nikamwambia kuanzia wiki ya pili sikuelewa kitu. Akavua miwani akasema amengoja muhula wote uliopita mtu amwambie hivyo, akachukua chaki. Sapu yangu nilipita. Kwa alama mbili tu juu ya mstari! Nilizipenda zile alama mbili kuliko shahada niliyokuja kupata baadaye. Nafula akapita zake mbili.

Nisikudanganye kwamba huzuni iliondoka siku hiyo hiyo. Kuna asubuhi niliamka nayo tena, nzito vile vile, na mwaka wa pili ikarudi kwa wiki nzima. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa naisema.

Na maharagwe? Sikiliza uone. Yale yaliyosambazwa na maji yaliota. Kando zote mbili za njia ya kanisani, kutoka shamba la Mama Ndunge mpaka uwanjani, maharagwe kijani kibichi, hakuna aliyeyapanda. Mama aliniandikia barua kwamba watu wanakwenda ibadani wakiyapalilia, na yamepewa jina: maharagwe ya Msomi. Yalipokomaa yakavunwa na kila mtu, na Susu Kalekye akanitumia kifuko kimoja na mtu aliyekuja Nairobi. Mimi na Nafula tuliyachemsha kwa siri kwenye jiko la umeme lililopigwa marufuku bwenini, tukayala bila hata kitunguu. Sijala maharagwe matamu kama yale.

Umemaliza sahani. Lete nikuongezee, na usiseme umeshiba, nimekuona ukikwangua.

Sasa nakuambia wazi wazi, kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kuzunguka. Shida zenu si za mwaka ule wetu. Nyinyi mna simu mfukoni inayowaonyesha wenzenu wakicheka mchana kutwa, ile foleni yangu ya chakula mmeibeba mpaka kitandani. Iweke chini hiyo simu ukila na ukilala. Kula hata kama hutaki, kidogo kidogo. Toka nje upigwe na jua, uje unisaidie kumwagilia sukuma wiki, mwili ukitembea kichwa nacho hutulia. Kazi ikikulemea, ikate vipande, fanya kipande cha leo. Somo usilolielewa, nenda kwa mwalimu wiki ya pili, usingoje kuanguka chali kama mimi. Ukianguka, rudia, na usione haya, nchi hii imejaa madaktari na wahandisi waliorudia mitihani na hawasemi.

Na hili ndilo kubwa. Ukiona huoni, sema. Mwambie mwenzako wa karibu. Mwambie mama yako, maana jana alinipigia simu kutoka Kithyoko kuniuliza kwa nini mwanawe kila siku yuko poa na hana hadithi. Mama hadanganyiki kirahisi hivyo. Pale chuoni kuna ofisi ya ushauri, kuna watu waliosomea kazi hiyo ya kusikiliza, si ofisi ya wendawazimu kama mnavyotaniana. Huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, nenda. Na ikikujia fikra ya kwamba afadhali usingekuwapo, usikae nayo hata dakika moja peke yako. Njoo ubomoe mlango wangu. Mlango nitatengeneza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akurudishie usingizi wako na hamu yako ya kula. Akupe kicheko ambacho hukukiazima, akupe wenzako wa kweli kama Nafula, na siku macho yako yatakapojaa ukungu, asikose kukuwekea mtu hatua tano kutoka ulipo. Uishi mpaka uwe mzee msumbufu kama mimi, uwapikie wengine muthokoi na kuwachosha kwa maneno.

Haya, weka kijiko chini. Asubuhi nilikuuliza ukiwa nyuma ya mlango, sasa nakuuliza tukiwa hapa wawili, na muda ninao wa kutosha. Kyalo, habari yako?